Jogoo Niliowachinja Nyuma ya Bafu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe tena, maana wengine mmeitikia huku mnatafuta pa kukaa. Mimi ni Mama Neema wa Dunda, mnanijua. Wengine mnanijua kwa lile jina mnalonipa nikishapita, Mama Kijiko. Leo nawapa ruhusa mlitaje mbele yangu, kwa sababu nimelistahili.

Mwenyekiti wetu wa akina mama aliniomba nisimame hapa niwafundishe namna ya kuandaa Krismasi nyumbani kwa gharama ndogo. Alisema, "Mama Neema, wewe ndiye fundi wa kubana matumizi, tupe siri zako." Nikamwambia nitakuja. Lakini nilipokaa kuandaa somo, moyo ulikataa. Niliona nikiwapa siri bila kuwaambia zilinifikisha wapi, nitakuwa nimewapotosha. Kwa hiyo mafunzo yapo, msiwe na wasiwasi, ila yatakuja yamechanganyika na aibu yangu. Mchungaji anivumilie, sitamaliza haraka.

Kwetu ni Njombe. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi kule Miono, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Tulipohamia Dunda, Neema alikuwa bado ananyonya, na mimi, mtu wa baridi, nilikuwa sijui hata kukuna nazi. Siku ya kwanza nilikalia mbuzi nikakuna kidole badala ya nazi. Jirani yangu, Bi Mwajuma, alikuwa anaanika kanga upande wa pili wa uzio wa makuti. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaingia uani kwangu bila kualikwa, akanifunga kidole kwa kitambaa, akaninyang'anya ile nazi. "Ondoka hapo, mwanangu," alisema, "utatupikia damu."

Tangu siku hiyo alikuwa mama yangu wa pwani. Alinifundisha kutofautisha tui la kwanza na la pili, kupika kashata zisizong'ang'ania meno, na kuoka vileja vya unga wa mchele juu ya mkaa, moto chini na moto juu ya kifuniko. Sikumlipa hata senti, na hakuwahi kunikumbusha.

Mume wake alikuwa Mzee Shomari, seremala aliyeacha kazi kwa sababu ya kifua. Mzee wa maneno machache. Krismasi yetu ya kwanza ilipokaribia, alisimama mlangoni kwangu akasema, "Mama Neema, nasikia sikukuu yenu inakuja. Jogoo wenu nichinje mimi, ili na sisi tule kwenu bila wasiwasi."

Ndugu zangu, ninyi mliotoka bara kama mimi mnajua hapa pwani ilivyo. Jirani yako Muislamu hali nyama mpaka ajue kuwa aliyechinja ni Muislamu mwenzake, kwa utaratibu wa dini yake. Ukitaka kula naye, unamwita achinje. Si jambo gumu. Unamwita tu.

Basi Mzee Shomari alituchinjia Krismasi tisa. Akitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri anakuja moja kwa moja kwangu, kanzu yake nyeupe, kisu kimefungwa kwenye kitambaa. Anachinja, ananawa, anakaa kwenye kigoda anakunywa chai na vileja. Mume wangu alianzisha mtindo wa kumpa paja moja, maini na firigisi aondoke navyo. Mzee hakuomba. Kila mwaka alikataa kwanza, kila mwaka alipokea mwishoni. Mchana mimi napeleka kwao sinia la pilau limefunikwa kawa, na Idd ikifika sinia lao linakuja kwetu. Hivyo ndivyo tulivyoishi.

Sasa nije kwenye kubana matumizi. Chukueni kalamu.

Mchele wa Krismasi mimi sinunui Desemba. Nanunua Miono wakati wa mavuno, nauanika vizuri, nauhifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko pamoja na majani ya mwarobaini makavu. Iliki, karafuu na bizari nanunua mwezi wa tisa. Jogoo nawafuga mwenyewe kwa makombo na pumba. Mti wetu wa Krismasi ni tawi la mvinje, na mapambo ni karatasi za pipi ambazo watoto wanazikusanya mwaka mzima. Nguo za watoto nashona kwa mkono, kitenge kimoja kinatoa gauni la Neema na shati la mwanangu Baraka. Mafuta ya nazi napika mwenyewe, na machicha nawapa kuku. Haya yote ni mema. Nawaambia yafuateni.

Lakini sifa zilinilevya. Mlinisifu sana, ndugu zangu, sio kwamba nawalaumu. Kila kikao mtu anasema muulizeni Mama Neema, Mama Neema anajua. Nikaanza kuona kila kinachotoka mlangoni kwangu ni hasara. Sukari nikaanza kuipima kwa kijiko kimoja kwa kikombe, nacho nakikwangua juu kwa kidole kisijae. Vileja nikavifungia kabatini, ufunguo kwenye pindo la kanga. Baraka akiomba kimoja namwambia subiri sikukuu, na sikukuu ikifika namwambia subiri wageni, na wageni wakija nawapa viwili viwili. Bi Mwajuma akiniomba kipande cha ndimu nampa nusu ya kipande. Aliniona, akatabasamu, akaipokea. Mimi nilidhani hakuona.

Ikafika Krismasi ya mwaka juzi. Jogoo walikuwa wawili tu, wengine walikufa kwa ugonjwa wa kideri. Mume wangu alikuwa amekwamishwa na mvua kule Miono, akaniambia atafika jioni. Basi nikaanza hesabu zangu za kichwani. Nikisema nimwite Mzee Shomari, paja linaondoka, maini yanaondoka, firigisi inaondoka, bado chai na vileja. Halafu mchana bado sinia. Nikasema mwaka huu hapana. Baba Neema hayupo, nani atanilazimisha?

Asubuhi ile, kabla jua halijapanda, nilichukua kisu changu cha jikoni nikawapeleka jogoo nyuma ya bafu la nje. Nikawachinja mwenyewe. Nikafukia damu kwa mchanga, nikachoma manyoya. Nilipogeuka nikamkuta Neema amesimama na mswaki mdomoni. Alikuwa na miaka kumi. Nikamwambia, "Nenda kanawe." Akatazama kisu, akaenda.

Tukavaa, tukaenda kanisani. Kwa kawaida njia yetu inapita mbele ya baraza ya Mzee Shomari. Siku hiyo niliwapitisha watoto njia ya nyuma, penye majaruba ya mchicha, gauni jipya la Neema likaingia matope. Nikaja hapa hapa, nikaimba kwa sauti kubwa, kwenye kiti kile cha tatu.

Ningeishia hapo ningekuwa bahili tu, na ubahili peke yake ningeuungama kwa dakika mbili. Lakini tuliporudi, pilau imeiva, nilipofungua kabati kutoa sahani nikaliona sinia la Bi Mwajuma. Lilikuwa kwangu tangu Idd, pamoja na kawa lake la ukindu alilosuka mwenyewe. Sinia la jirani halirudishwi bila kitu, ninyi mnajua. Na kupeleka wali mtupu siku ya Krismasi niliona haya, kwa sababu harufu ya pilau ilikwishawafikia. Basi nikapakua. Nikaweka vipande vitatu vidogo vya nyama juu, mabawa mawili na mgongo. Nikamwita Neema tukapeleka pamoja.

Mzee Shomari alikuwa barazani, kanzu bado mwilini. Nikamwamkia, "Shikamoo, baba." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu, sikukuu njema." Kisha akauliza kwa upole, kama mtu anayeulizia habari za mvua, "Mwaka huu kachinja nani?"

Ningeweza kusema kweli hapo. Ilikuwa rahisi sana. Ningesema, baba, nimechinja mwenyewe, pokea huu mchele mkavu na vileja, mwaka kesho tutaonana. Angecheka. Lakini kinywa changu kikafunguka kikasema, "Baba Neema alikuja na rafiki yake wa Miono, Muislamu, ndiye aliyechinja."

Mzee akasema, "Alhamdulillahi." Akanawa, akasema bismillahi, akala. Nilisimama pale nikamwangalia anakula. Bi Mwajuma naye akala. Kijana wao Omari, mtu mzima mwenye mke, akala. Njiani Neema alinivuta kanga akasema, "Mama, babu kala." Nikamwambia anyamaze.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa namwimbia Mungu kwa kinywa kile kile.

Masika yalipoanza kifua cha mzee kilimzidi. Nilikwenda kumwona mara nyingi. Nilikuwa nakaa pembeni ya kitanda chake nasema moyoni, leo namwambia. Halafu anakohoa, namwambia moyo wangu, si leo, ana hali mbaya, nitamwongezea ugonjwa. Huo ni uongo mwingine. Nilikuwa nangoja apate nafuu nimwambie, na nikijua ndani yangu kwamba akipata nafuu nitatafuta sababu nyingine. Siku moja aliniambia, "Mama Neema, asante kwa kuja, nyie watu wa bara mna utu." Nilitoka nje nikalia kwenye ua wa makuti. Hata hapo sikusema. Wiki hiyo hiyo akafariki.

Nikafanya yote ambayo jirani anafanya. Nilipika matangani, nilichota maji, niliosha masufuria mpaka kucha zikaisha. Bi Mwajuma akaingia eda, hatoki nje, na mimi ndiye niliyemnunulia samaki sokoni na kumletea dawa yake ya presha. Wageni wakija wakiuliza huyu nani, anawaambia, "Huyu mwanangu. Huyu ndiye kanistiri." Kila aliposema hivyo nilitamani ardhi inimeze. Huku kanisani nikaacha kuja kwenye meza ya Bwana. Mchungaji aliniuliza, nikamwambia tumbo linanisumbua. Tumbo gani la miezi sita?

Ikafika Majilio, zile wiki za kungoja Krismasi. Nilikuwa naoka vileja na Neema, nikapanga vingine kwenye kisahani nikamwambia, "Mpelekee bibi." Neema akaweka mikono nyuma. Akasema, "Mimi sibebi, mama." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Akiniuliza kuna nini ndani, nimjibu nini?"

Ni vileja, ndugu zangu. Unga wa mchele, samli, sukari na iliki, na kuvioka alinifundisha Bi Mwajuma mwenyewe. Lakini mtoto wangu alikuwa haamini tena chochote kinachotoka mkononi mwangu kwenda kwa jirani. Nilikaa chini pale pale jikoni. Nilimwomba Yesu anitoe. Sikusema maneno mengi, nilisema tu, Bwana nitoe, nimejifungia mwenyewe na ufunguo ninao mimi. Nililia mpaka vileja vya juu ya mkaa vikaungua vyote. Mtu aliyekuwa anapima sukari kwa kidole, nikaviacha viungue.

Mume wangu alipokuja Ijumaa nilimweleza. Aliniuliza swali moja, "Na mimi umeniweka kwenye uongo huo?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi nenda kaseme, na umwambie mimi sikuwepo." Hakunisindikiza.

Nilimkuta Bi Mwajuma kwenye mkeka anachagua mchele. Nikakaa chini, si kwenye kigoda. Nikamwambia yote, kuanzia kisu cha jikoni mpaka rafiki wa Miono ambaye hajawahi kuwepo. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Mchele uliokuwa mkononi mwake ukamwagika wote.

Kisha akasema, "Aliyekula bila kujua hana kosa. Mume wangu kaenda hana doa, hilo linanitosha. Lakini ngoja nikuambie usilolijua."

Akaniambia hivi. Mzee alikinoa kile kisu tangu siku mbili kabla ya Krismasi, na kifua kikimbana. Asubuhi alipotoka msikitini hakuvua kanzu. Alikaa barazani, kisu mapajani, anangoja kuitwa. Bi Mwajuma akamletea chai, akasema hapana, nitakunywa kwa Mama Neema. Chai ikapoa. Akamwambia, basi nenda ukawagongee, akasema, si vizuri, wataniita. Alituona kwa mbali tunapita njia ya nyuma na gauni la mtoto linaburuta matope. Akasema, labda wamechelewa. Alingoja mpaka sinia lilipofika na jibu langu juu yake. Alipomaliza kula akamwambia mkewe, "Mwajuma, nimezeeka. Wamepata mwenye mkono imara." Akakifunga kisu kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kabati. Hakukishika tena.

Ndugu zangu, mimi nilidhani nimemnyima mzee paja la kuku. Nilikuwa nimehesabu paja, maini na firigisi. Sikuhesabu kwamba ile ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa seremala asiyeweza tena kushika randa, siku moja kwa mwaka ambayo nyumba ya watu wengine haiwezi kula bila yeye. Hilo nililichukua, na siwezi kulirudisha. Hata leo nikisimama hapa nimesamehewa, na najua nimesamehewa, yule mzee bado alikaa barazani akangoja. Damu ya Yesu imeniosha, lakini asubuhi ile haikurudi.

Bi Mwajuma alimaliza, akaokota mchele wake. Akasema, "Sasa nenda kwako. Nikikuhitaji nitakuita."

Hakuniita. Krismasi ile hakukuwa na sinia. Idd ikaja, nikasikia harufu ya pilau yao ikivuka uzio, na sinia halikuja. Baraka alisimama mlangoni mpaka saa nane mchana, nikamwambia mwanangu ingia ndani, leo hatuletewi, na kosa ni la mama yako. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo juu ya uzio, na kila asubuhi aliitikia marahaba. Alikuwa hakosi kuitikia. Lakini ilikuwa ni marahaba tu, halafu mgongo.

Sikumlazimisha. Huko ndiko Bwana alikonifundisha. Nilirudi kwenye meza yake nikiwa nimeungama mbele ya mchungaji, na nikaanza kuishi upya nyumbani kwangu. Kabati halina kufuli sasa. Bado nabana matumizi, ndugu zangu, mshahara wa mwalimu haujaongezeka kwa sababu mimi nimeokolewa. Bado nanunua mchele Miono, bado nashona kwa mkono. Tofauti ni moja, na kama mnaandika, andikeni hii. Nikishapanga vitu vya sikukuu, fungu la jirani natenga kwanza, kabla ya la watoto wangu. Kinachobaki ndicho tunachobana. Mwaka huo wa kimya fungu la Bi Mwajuma nililitenga vile vile. Halikwenda kwake, nililipeleka kwa mgonjwa hospitalini, lakini nililitenga.

Sasa nimalizie, maana naona mchungaji anaangalia dirishani.

Jana asubuhi nilikuwa uani nachekecha unga wa vileja. Nikasikia mtu anakohoa kwenye uzio, nikajua kikohozi si cha mwanangu. Bi Mwajuma akaingia. Ndugu zangu, alikuwa hajakanyaga uani kwangu kwa mwaka mzima. Sikujua nisimame au nikae. Akaangalia unga wangu, akachukua kidogo kwa vidole akausugua, akasema, "Huu bado una chenga, chekecha tena." Kisha akawatazama kuku.

Akauliza, "Yule mwekundu ndiye wa sikukuu?"

Nikasema, "Ndiye, bibi."

Akasema, "Usimguse. Omari atakuja akitoka msikitini. Kisu cha baba yake nimeshamnolea."

Nilibaki na chekeche mkononi, machozi yanaingia kwenye unga. Akageuka kuondoka, akafika kwenye uzio, akasimama. Hakunitazama. Akasema, "Na akishachinja asiondoke mikono mitupu. Lile paja ni lake sasa."

Namshukuru Mungu aliyenitoa mahali nilipojifungia. Ninyi mlio hapa, kama kuna mtu anayekusubiri barazani, nenda kabla ya sikukuu. Usingoje apate nafuu. Usingoje upate maneno mazuri, mimi nilikwenda sina hata moja. Mwamini Bwana, yeye anatangulia mlangoni kabla yako, ila kugonga utagonga mwenyewe.

Na somo la vileja tutalifanya Jumatano nyumbani kwangu, njooni na chekeche zenu. Mtamkuta jogoo mwekundu uani, amefungwa kamba mguuni. Nawaomba msimguse, ana mwenyewe.